Dawa Isiyofungwa

Tumbo la mdogo wangu lilikuwa linafika mahali kabla yeye mwenyewe hajafika. Nasema hivyo kwa kucheka kwa sababu ndivyo tulivyokuwa tunasema nyumbani, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kucheka. Mikono yake ilikuwa myembamba, miguu vilevile, lakini upande wa kushoto kulikuwa na kitu kigumu kimekaa chini ya mbavu kama jiwe la kusagia, na kila mwaka kilishuka kidogo kuelekea kitovu. Bandama. Hakuna mtu wa kwetu Kasongo asiyejua bandama. Mtoto akishikwa na malaria mara kwa mara, bandama linavimba, anapewa vidonge, linapungua. La kwake halikupungua. Alikunywa vidonge vya malaria, akanywa dawa ya minyoo, akanywa majani ya kuchemsha ambayo hata mbuzi wetu aliyanusa akageuka. Tumbo likabaki pale pale linatuangalia.

Mimi ndiye niliyemlea mgongoni. Mama alikuwa shambani, baba alikuwa Lusangi kwenye mashimo ya dhahabu, na mimi nilikuwa nimeacha shule mwaka wa pili wa sekondari, nikaanza kukaanga mikate ya mafuta na kuiuza pale pikipiki zinaposimama. Sikuona kama maisha yamenionea. Nina kichwa cha kuota ndoto, na unga ni kitu kizuri cha kukanda huku unaota. Niliota saluni ya nywele kule Kindu, yenye kioo kirefu kuanzia chini mpaka juu, na mdogo wangu amekaa mlangoni anapokea wateja, maana mdomo alikuwa nao. Wavulana wa pikipiki walipomwita "mama mjamzito" aliwajibu, "Ndiyo, na baba yake ni wewe, leta maziwa." Wakakimbia wenyewe.

Lakini pua yake ilikuwa inatoa damu bila sababu. Anacheza, damu. Analala, asubuhi mto umelowa. Siku moja mzee mmoja wa jirani alimchanja chale ndogo ndogo ubavuni ili apake dawa ya bandama, kama tulivyochanjwa wengi wetu tukiwa wadogo. Vile vidonda vidogo, ambavyo kwa mtoto mwingine vingekauka kabla ya chakula, vilivuja mpaka kesho yake. Mama alivifunga na vitambaa, anabadilisha, anabadilisha. Mzee mwenyewe aliogopa akafunga mlango wake. Ndipo tukampeleka hospitali, si juu ya tumbo tena, juu ya damu.

Daktari aliyetupokea alikuwa kijana, mtu wa Kinshasa, Kiswahili alikuwa amejifunza kwetu hapa na alikisema kwa nguvu kama mtu anayeendesha baiskeli ya kuazima. Alimlaza, akagusa tumbo kwa vidole, akagusa tena. Akasema hii si malaria. Alimtoboa kidole, akadondosha damu kwenye karatasi nene, matone yakakaa pale kama vifungo vyekundu, akayaacha yakauke kivulini, akayafunga kwenye bahasha. Bahasha ikapanda ndege ndogo. Sisi tukarudi nyumbani tukasubiri. Mvua zilianza na zikaisha tukiwa bado tunasubiri.

Jibu lilipokuja, baba alikuwa amerudi kutoka Lusangi, kwa hiyo tulikwenda wote. Daktari alieleza polepole. Ndani ya mwili kuna vitu vinavyofanya kazi ya kukatakata uchafu wa damu iliyozeeka ili utoke. Kwa Kifaransa kitu cha namna hiyo kinaitwa anzime. Mtoto huyu amezaliwa na anzime moja isiyofanya kazi. Uchafu hautoki, unajikusanya kwenye bandama, kwenye ini, ndani ya mifupa. Ndiyo maana tumbo, ndiyo maana damu.

"Ni nani alimupatia?" mama aliuliza.

"Hakuna mutu alimupatia, mama. Anarizi, amezaliwa nayo."

"Anarizi kwa nani?"

Daktari alitazama meza yake. "Kwenu wawili. Baba iko na nusu, mama iko na nusu. Nusu haigonjeshe mutu. Mutoto akizipata zote mbili, njo ugonjwa."

Nilimwona baba anajivuta kidogo kwenye benchi, kidogo tu, kama mtu anayempisha mwenzake nafasi. Mama naye aliona. Tangu siku ile, nyumbani kwetu kukawa na nusu mbili, na kila upande ulitaka nusu yake ipungue. Shangazi yetu, dada mkubwa wa baba, anayekaa Wamaza na ambaye neno lake katika ukoo hakuna anayelivuka, alituma ujumbe kwa mtu wa pikipiki: kwetu hakuna ugonjwa huo, waulize kwao. Wajomba wakajibu kwamba kwao wote wamezikwa wazee. Tukawa tunaongea hivyo, wakati mtoto mwenyewe amekaa uani anasuka mdoli wa majani.

Dawa ilikuwepo, daktari alisema. Ile anzime inayokosekana watu wanaitengeneza, inaingizwa kwenye mshipa. Ni dawa ya watu wenye nacho, lakini kuna watu wa mbali waliokubali kuwapa watoto wachache wa nchi kama yetu bure. Aliwaandikia. Waliandika. Alijibu. Mimi niliacha hata kuota saluni, nikawa naota ndege.

Na ndege ilikuja. Dawa ilikuwa ndani ya sanduku jeupe lenye barafu, chupa ndogo ndogo zenye unga mweupe chini, kidogo sana, ungefikiri zimekwisha. Ziliwekwa kwenye frigo ya chanjo, ile inayotumia jua. Daktari alitia maji kwenye chupa na kuizungusha taratibu mkononi, bila kuitikisa. Alisema ukiitikisa inatoa povu, inaharibika. Aliizungusha kama mtu anayembembeleza mtoto mchanga ambaye karibu analala, halafu akaichanganya kwenye serumu, yale maji ya kuingizwa mshipani, na kuitundika. Mdogo wangu, anayeniita yaya, yaani dada mkubwa, alitazama matone yakishuka.

"Yaya, ni hii tu?"

"Ni hii."

"Mimi nilifikiri itakuwa na rangi."

Alilala pale mpaka serumu ikaisha, tukarudi tukala. Baada ya majuma mawili tukarudi tena. Daktari alituambia siku ya kwanza kabisa, mbele ya baba na mama na shangazi aliyekuja kutoka Wamaza ili kuona kwa macho yake: dawa hii ni kila majuma mawili, maisha yote. Haiponyeshi ugonjwa. Inafanya kazi ambayo mwili hauwezi, na inapokwisha mwilini lazima iletwe nyingine. Sisi wote tuliitika. Kuitika ni kitu rahisi.

Ningependa mtu aniamini ninaposema jinsi alivyobadilika. Damu ya pua ilikauka kwanza. Kisha akaanza kula kama anayelipiza. Mashavu yakaja. Lile jiwe likaanza kupanda taratibu, kutoka kitovuni kurudi mbavuni, na daktari alikuwa anaweka alama ya kalamu tumboni, na kila tulipokuja alama ilikuwa juu ya ile ya zamani. Sketi zake zote zikaanza kudondoka. Alikimbia kwa mara ya kwanza na watoto wa jirani mpaka kisimani, akarudi anahema, anajishika kiuno, anasema, "Kumbe kukimbia kunachokesha hivi, na munakuwa munakimbia bure?"

Shangazi alipokuja tena akamkuta anaruka kamba, alikaa chini kwenye mlango akalia. Ni mwanamke mrefu, sauti yake inajaza nyumba, na sikuwahi kumwona akilia. Alimwita, akampapasa tumbo, akampapasa tena. "Iko wapi?" alisema. "Iko wapi ile kitu?" Mama akacheka, baba akacheka. Kwa muda wa siku ile hakukuwa na nusu ya mtu yeyote.

Sasa lazima nieleze jambo la kuku, maana mtu wa mbali hawezi kulijua.

Kwetu, dawa ya ugonjwa mrefu haiachwi tu. Inafungwa. Mgonjwa akipona, watu wake wanampelekea aliyemtibu kuku mweupe jike. Akimpokea kwa mikono miwili na kusema amepokea, basi dawa imefungwa. Iliyobaki inamwagwa mtoni, na mgonjwa haigusi tena, kwa sababu kuigusa ni kuuambia ugonjwa kwamba mlango bado uko wazi. Mganga akiona kazi bado, hapokei. Anasema kwa heshima, "Rudi naye, bado anataga," na hakuna anayekasirika, mnarudi na kuku wenu, mnaendelea na dawa. Sisi ni watu wa kanisa, tunaimba, tunatoa sadaka, lakini mke wa mchungaji mwenyewe nilimwona akibeba kuku wake. Si uchawi. Ni adabu.

Siku ya serumu iliyofuata tulikuwa barazani hospitalini, mdogo wangu ameshamaliza, amekaa anatafuna hindi. Shangazi akatokea amevaa kitenge kipya, na chini ya mkono ana kuku mweupe, miguu imefungwa kwa kamba ya mgomba. Nyuma yake baba. Nilielewa kabla hawajafika.

"Shangazi," nilisema, "dawa hii haifungwake. Dokta alisema ni ya maisha yote."

"Nani anaongea?"

"Mimi."

"Umezaa wangapi?"

"Bado."

"Basi endelea kukaanga mikate."

Daktari alitoka. Shangazi akapiga goti moja, kama inavyotakiwa, akanyoosha kuku.

"Dokta, mutoto yetu alikuwa amekwenda, wewe ukamurudisha. Tunakuletea hii ya mukono."

Yule kijana wa Kinshasa alifurahi mpaka masikio. Sidhani kama kuna mtu aliwahi kumpigia goti. Alimpokea kuku kwa mikono miwili, sawasawa kabisa, kama aliyefundishwa. "Aksanti mingi, mama," alisema. "Nimepokea. Tumefanya kazi muzuri, sisi wote."

Shangazi alishusha pumzi. Baba alivua kofia. Wanawake wawili waliokuwa barazani na wagonjwa wao wakaitikia taratibu kama kanisani.

"Dokta," nilisema, "murudishie ile kuku."

Alinitazama akacheka. "Ee, dada, munatoa halafu munanyanganya? Usiogope, nitakuitia paja moja."

Watu wote wakacheka, na shangazi akanitazama kwa jicho ambalo sijalisahau. Kutoka ndani waliita, kuna mama anazaa vibaya, akaingia mbio na kuku wake. Nilimsubiri mpaka mchana ukapita. Hakutoka. Kesho yake nilirudi, wakaniambia amepanda ndege asubuhi kwenda kwenye mafunzo, na siku ya kurudi haijulikani.

Kabla ya siku ya serumu nyingine, shangazi alimchukua mtoto akaenda naye Wamaza, ili awe mbali na sindano. Mama alilia, lakini alilia ndani. Baba alirudi Lusangi bila kumzuia dada yake. Nadhani na yeye alipumzika. Dawa ikifungwa, hata yale maulizo ya ugonjwa umetoka upande gani yanafungwa pamoja nayo. Ni kama hayakuwahi kuulizwa.

Muuguzi aliyeachiwa maagizo alizungusha ile chupa, akachanganya, akasubiri. Dawa ikishachanganywa haihifadhiwi. Jioni aliimwaga.

Daktari aliporudi nilikwenda kumweleza yote: goti, mikono miwili, "nimepokea." Alinisikiliza akiwa amesimama. Alikuwa amechoka, na nadhani alikuwa na uchungu, kwa sababu mtoto huyu ndiye alikuwa fahari yake.

"Dada, unaniambia wazazi waliachisha mutoto dawa juu ya kuku?"

"Si kuku, dokta. Ni kupokea."

"Sikia. Kama ni unabii wa kanisa, uniambie. Kama ni vita ya baba na mama, uniambie. Usiniletee kuku."

Ukweli niliokuwa nao ulikuwa huo, na hata mimi, nikiusikia unatoka mdomoni mwangu mbele ya meza ile yenye karatasi, niliona unachekesha. Alimpigia baba simu, mtandao wa Lusangi ukawa unakuja na kuondoka. Nilisikia sauti ya baba ikisema kwa heshima nyingi, "Lakini dokta, si tulimaliza naye vizuri?" Kisha simu ikakatika. Daktari alisubiri kidogo, halafu akawaandikia wale watu wa mbali kwamba wazazi wamekataa kuendelea. Hakusema uongo. Kwa alivyoona, ndivyo ilivyokuwa.

Na tatizo ni kwamba kule Wamaza mtoto alikuwa mzima. Ugonjwa huu haurudi kwa haraka, hauna hasira. Alikwenda shambani na shangazi, akajifunza kutwanga, akanenepa. Kila mtu wa pikipiki aliyetoka huko alileta salamu moja: anacheka, anakula. Kila salamu ilimpa shangazi ushindi, mimi nilikuwa nakosa. Nikaanza kufikiri labda kweli nimekosa. Nitakuambia jinsi nilivyo: nilifurahi. Nilianza tena kuota saluni.

Halafu zikaja salamu nyingine. Ametoka damu kidogo, ni joto. Halafu, anaumwa mguu, alianguka. Halafu hakuna aliyesema ameanguka wapi. Nilichukua pikipiki nikaenda.

Nilimkuta amelala kwenye mkeka nyuma ya nyumba, paja limevimba, na akiguswa na ukingo wa kitenge tu anauma meno. Tumbo lilikuwa limerudi. Shangazi alikuwa amekaa pembeni yake anamsugua mguu na mafuta ya mawese, taratibu sana, na hakuniuliza kwa nini nimekuja.

"Turudi naye Kasongo, shangazi."

"Ilifungwa."

"Unaona mwenyewe."

"Ninaona." Aliendelea kusugua. "Ukifungua mulango iliyofungwa, kinachoingia kinakuwa kikubwa kuliko kilichotoka. Mimi siwezi kufungua. Aliyepokea njo anaweza. Arudishe kuku na mikono yake, aseme alipokea mbele ya wakati. Bila hiyo, akifa, nitasema ni mimi nilimuua na ile sindano."

Hakuwa mkaidi. Alikuwa anaogopa, na nilikuwa sijui kwamba mtu mwenye sauti kama ile anaweza kuogopa.

Nilipitia Lusangi kwanza, kwa baba, maana bila neno lake daktari hangenisikiliza. Alikuwa kwenye ukingo wa shimo, matope mpaka magotini, na motopompe inanguruma inatoa maji. Ilibidi tuongee kwa sauti. Nilimwambia habari za mguu. Alisema, "Shangazi yako anasema nini?" Nilimwambia. Alitazama chini. Sijui nilitoa wapi ujasiri, labda ni ile kelele.

"Baba, mukizima hii motopompe?"

"Maji inarudi."

"Lakini jana mulitoa maji yote. Sasa hivi nimesikia munasema shimo ilikauka."

"Imekauka sababu inapompa. Maji iko chini, haiishake. Kila siku inakuja."

Wenzake walimwita kutoka shimoni. Akafuta mikono kwenye suruali akaenda kutafuta mahali penye mtandao.

Sijui alimwambia nini daktari, lakini nilipofika hospitali yule kijana alikuwa amekaa barazani peke yake, hakuna karatasi mbele yake. Aliniuliza, "Nilisema 'nimepokea'?" Nikamwambia ndiyo. "Na mikono miwili?" Ndiyo. Alijishika kichwa. Halafu akaniuliza kuku mweupe anapatikana wapi.

Tulikwenda naye Wamaza kwa pikipiki, dereva mbele, mimi katikati, yeye nyuma na kuku kwenye mapaja. Kila kijiji tulichopita walimtania. "Dokta, unapeleka mahari?" "Dokta, huyo bibi-arusi mbona ni mudogo hivyo?" Mara ya kwanza alijibu kwa kucheka. Kwenye daraja la miti ambapo tulishuka kusukuma pikipiki kwenye tope, kuku alimnyea suruali, na hapo aliacha kucheka, akasema tu, "Yeye pia iko na haki."

Mbele ya shangazi hakujua apige goti au asimame. Alipiga goti.

"Mama, nilipokea mbele ya wakati. Dawa bado. Nakurudishia."

"Nani alikufundisha maneno?"

"Huyu."

"Basi iko kitu moja alisomaka." Akampokea kuku. Kisha, kwa sauti ya chini ambayo si yake, akasema, "Dokta, siku ile ungesema tu, 'bado anataga.' Ni maneno mbili."

"Hakuna mutu aliniambia kama kuku iko na maneno yake, mama."

"Na mimi hakuna mutu aliniambia kama iko dawa bila mwisho."

Aliambiwa. Alikuwepo, aliitika. Lakini sasa naelewa kwamba maisha yote, kwa mtu kama shangazi, ni kitu ambacho kila mganga anakitaja ili urudi kwake. Hakukisikia kama habari. Na daktari alimwona akipiga goti, hakuliona kama neno. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa anamtakia mtoto mabaya. Ningekuwa nimepata hata mmoja, ningelala vizuri.

Tulimleta Kasongo juu ya baiskeli, amelazwa kwenye godoro, baba, aliyekuja kutoka Lusangi, anasukuma na shangazi anashikilia mguu usiyumbe, tukipumzika njiani kila alipoomba. Daktari alikuwa ametangulia kuwaandikia wale watu. Aliandika kosa ni lake, wazazi hawakukataa, anaomba mtoto arudishiwe dawa.

Jibu lilikuwa la heshima. Alitusomea mimi na mama, akigeuza Kifaransa kuwa Kiswahili neno kwa neno, na mara mbili alirudi nyuma kana kwamba alitumaini maneno yatabadilika. Walisikitika sana. Mtoto anapoacha, nafasi yake inapewa mwingine anayesubiri, kwa sababu dawa ni chache. Nafasi ya mdogo wangu ilikwishapewa mtoto mwingine. Jina la mdogo wangu litabaki kwenye orodha ya wanaosubiri.

"Mutoto wa wapi?" mama aliuliza.

"Hawakusema. Inchi ingine."

Mama alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayeambiwa mgeni wake amefikia kwa jirani. Akauliza kama ile nusu yake ndiyo iliyoharibu. Daktari alisema hapana, mama. Akauliza tena kwa namna nyingine.

Sasa imepita miezi. Daktari anampa dawa ya maumivu, anamwongezea damu inapopungua sana, na kila mwezi anaandika. Shangazi hajarudi Wamaza. Analala kwenye chumba chetu, anasugua ule mguu, na hakuna anayemwambia lolote, na hilo ndilo linalomzeesha. Baba anakuja mara nyingi zaidi kuliko zamani. Mikate yangu nauza bado, nacheka na wateja, mimi ni mtu wa kucheka, sijui kuwa namna nyingine mbele ya watu.

Juzi nilikuwa namwogesha mdogo wangu kwa kitambaa, maana kusimama hawezi. Alikuwa anafikiri.

"Yaya, yule mutoto mwingine ni mwanamuke?"

"Sijui."

"Tumbo yake inashuka?"

"Inashuka."

"Muzuri." Akainua mkono nimwoshe kwapa. "Sasa akipona kabisa, atanirudishia?"

Nilikamua kitambaa muda mrefu. Nilitaka kumwambia ndiyo. Lakini yeye alikuwepo barazani, anatafuna hindi, siku ambayo watu wazima walisema amepona kabisa.

"Haiponake kabisa," nilimwambia. "Na yeye ni kila majuma mawili."

"Maisha yote?"

"Maisha yote."

Alielewa kabla yangu, nadhani, kwa sababu hakuuliza tena. Mimi nilielewa nikiwa namwaga maji nje. Mama anatuambia kila jioni tupige magoti tuombe nafasi ifunguke. Nafasi inafunguka namna gani? Mahali fulani, mtoto fulani lazima aikose ile chupa. Barabara ikatike, ndege isifike, shangazi yake apate wazo zuri. Au afe. Hakuna namna nyingine.

Ninapiga magoti pamoja nao. Kuna siku ninafika pale penye neno lenyewe ninanyamaza, ninawaacha wengine waseme, kwa sababu ninamwona yule mtoto, sijui ni wa kike au wa kiume, anaruka kamba. Na kuna siku mguu unamuuma mdogo wangu mpaka analia bila sauti, na siku hizo ninaomba mpaka mwisho, ninasema amina pamoja na wote. Jana nilisema amina.